Maji Yanayopandishwa Mlima

Wasambaa wamezoea kujenga juu. Nyumba zao nyingi zimekaa mgongoni na ubavuni mwa Milima ya Usambara, zimezungukwa na migomba, na chemchemi iko chini bondeni. Ndoo huteremka tupu na kupanda imejaa, juu ya kata, kichwani mwa mwanamke au binti yake. Maji ya ndoo ya lita 20 yana uzito wa kilo 20, na njia ya masika ina utelezi. Maji yaliyopanda namna hiyo hayamwagwi ovyo. Yaliyosuuza mboga humwagiwa mgomba ulio nyuma ya jiko.

Hata hivyo, Wasambaa walianza zamani kuyawaza maji mbali zaidi ya mtungi. Katika Kishambaa, kuzifya shi ni kuiponya nchi ipate mvua na chakula; kubana shi ni kuiharibu. Wafalme wa Kikilindi, kizazi cha Mbegha aliyetoka Unguu, walitawala kutoka mji wao wa Vuga wakiaminiwa kuwa na mvua mikononi mwao. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, jamaa zake wakaingia vitani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyewasikiliza wazee wa Usambara, alieleza walivyoziita nyakati kama hizo: nguvu kwa nguvu. Wakubwa wakishindana, mvua hukatika na njaa huingia. Iwe mtu anaamini uganga wa mvua au haamini, wazo hilo lina uzito hadi leo, kwa sababu chemchemi moja hunywesha kaya nyingi, na ugomvi wa walio juu huwafikia walio chini.

Mkalitusi ni mfano mzuri wa ugomvi huo. Mti huo hukua haraka, hutoa kuni, nguzo na mbao, na umepandwa sana katika Wilaya ya Lushoto, huko huko Usambara. Pia hunywa maji mengi. Watafiti wa kilimo waliofanya kazi na vijiji vya wilaya hiyo walikuta wanakijiji wakilalamikia mikalitusi iliyopandwa karibu na vyanzo, na haikuwa rahisi kumwambia jirani ang'oe mti anaoutegemea kwa ada ya shule. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Katika mlima wenye mashamba madogo yaliyobanana, mita 60 zinaweza kumeza shamba zima la mtu. Ndiyo maana mazungumzo ya wenye mashamba na watekaji maji yana thamani zaidi kuliko amri. Wakoloni wa Kiingereza waliwahi kuwalazimisha watu wa Mlalo na kwingineko kuchimba matuta mlimani; watu wakakataa, na kabla ya uhuru mpango ulikuwa umeachwa.

Mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP, ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani, ulikuja na kitu ambacho mkulima angeweza kuona faida yake: majani ya Guatemala yaliyopandwa kwa mistari kukata mteremko. Makingamaji hayo hupunguza kasi ya maji ya mvua, nayo yakazama ardhini badala ya kukimbia na udongo. Kisha majani yenyewe hukatwa na kulishwa ng'ombe wa maziwa anayefugwa bandani.

Hapo mzigo wa ndoo ukarudi kwa njia nyingine. Ng'ombe aliyefungiwa hawezi kushuka mtoni mwenyewe, na akikamuliwa hunywa makumi ya lita kwa siku, ambazo mara nyingi huchotwa na yule yule mama. Gata na pipa ukutani vinaweza kumpunguzia safari hizo. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita 40 za mraba, huteremsha karibu lita 400: ndoo 20, zikiwa tayari zimefika mlangoni.