Pikapu Kuukuu, Injini Mpya: Breki na Kadi Visisahauliwe

Si ajabu kwa mwenye pikapu wa Kisesa, Wilaya ya Magu, kandokando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, kuifufua Toyota Hilux ya zamani kwa vipuri vya gari jipya zaidi. Jambo hilo ni halali, tena la busara, kwani chesisi imara haitupwi kwa sababu injini imechoka.

Injini ya dizeli ya 2L ina ujazo wa lita 2.4, ya 3L ni lita 2.8, na ya 5L lita 3.0. Kwa kuwa ni za ukoo mmoja, fundi huzibadilisha kwa wepesi. Ila nguvu huongezeka, ilhali breki na springi hubaki zilezile. Pikapu iliyokuwa ikisuasua na magunia ya dagaa sasa hupata kasi ambayo breki za awali haziimudu. Breki zitangulie, rangi ifuate. Wengi hufanya kinyume.

Aidha, kadi ya gari huonyesha namba ya injini. Injini ikibadilishwa, gari likaguliwe na Polisi wa Usalama Barabarani, kisha Mamlaka ya Mapato Tanzania iarifiwe ili kadi irekebishwe. Hati ya mauziano ya injini ihifadhiwe. Bila hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba haikuibwa.