Kalenda ya kazi za mkataba: nani abishe hodi lini? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya mfululizo huu ilitofautisha kibarua, mkataba wa muda na ajira ya kudumu. Leo zamu ni ya kalenda: ni miezi ipi anayetafuta kazi za mkataba nchini Tanzania huukuta mlango wazi, na ni ipi hupoteza nauli bure.

Vijana wengi huambiwa wangoje msimu uanze ndipo wafunge safari. Ushauri huo umewafikisha wengi getini wakati majina yameshaandikwa. Kazi hizi huongozwa na mvua, na mwaka wa fedha wa Serikali, na safari za watalii. Katika zote tatu, uamuzi wa nani achukuliwe hufanyika wiki nyingi, pengine miezi, kabla kazi yenyewe haijaonekana.

Tuanze na miwa. Viwanda vya Kilombero mkoani Morogoro na TPC karibu na Moshi husimama kusaga masika yanapokolea. Udongo ukilowa, matrekta na malori hukwama, na muwa uliokunywa maji mengi hupungua sukari. Mkata miwa, ambaye malipo yake hutegemea kiasi alichokata, anakosa cha kukata, hivyo hurudi kwao. Mvua ikikatika, karibu na Juni, mashamba huanza kuchomwa moto ili majani makavu yaungue. Kisha wakataji huingia na mapanga, masizi yakiwaganda usoni na mikononi, wakiinama kukata muwa karibu kabisa na ardhi, kwa kuwa shina ndilo lenye sukari nyingi.

Lakini kiwanda kilichosimama kusaga hakikosi kazi. Miezi hiyohiyo ya mvua ndiyo ya matengenezo makubwa: vinu hufunguliwa, mabomba hubadilishwa, mitambo ya mvuke hukaguliwa. Mchomeleaji, fundi bomba, fundi umeme na wasaidizi wao huhitajika kwa mikataba mifupi ambayo lazima iishe kabla muwa wa kwanza haujaingia. Aprili, mwezi mgumu kwa mkataji, ni mwezi wa neema kwa mchomeleaji. Anayeitaka kazi hiyo apeleke vyeti vyake mapema, Januari au Februari, kabla vikosi havijapangwa.

Kusini, Mtwara na Lindi, korosho ina ngazi zake. Kati ya Mei na Agosti hutafutwa wapulizaji wa salfa, ambayo huikinga mikorosho na ugonjwa wa ubwiri unga. Kabla korosho hazijaanza kudondoka hutafutwa wa kufyeka na kusafisha chini ya miti, kisha waokotaji. Minada inapoanza, kwa kawaida Oktoba, kazi huhamia maghalani, kwenye mizani na kwenye malori. Mtu anayewasili Masasi Januari akitafuta kuokota huwa amechelewa. Mufindi mambo hugeuka: chai huchipua kwa mvua, kwa hiyo wachumaji huhitajika zaidi kuanzia Desemba hadi Mei, na baridi kavu ya katikati ya mwaka hupunguza majani na vibarua pamoja.

Kalenda ya pili haina uhusiano na mawingu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Kwa mkandarasi mdogo, fundi ujenzi, mzabuni wa vyakula au kikundi cha usafi, tarehe hizo mbili zina uzito kuliko sikukuu yoyote.

Mei na Juni ndiyo miezi mibaya kuliko yote ya kutafuta kazi mpya ya halmashauri au wizara. Wahasibu wanafunga vitabu, idara zinakimbizana kukamilisha mikataba iliyopo, na fedha ambazo hazijatumika kwa kawaida haziruhusiwi kuvuka mwaka bila idhini. Anayeanza kazi mwishoni mwa Mei hujiweka katika hatari ya ankara yake kugeuka deni la mwaka unaofuata. Mafundi wengi wadogo wameanguka hapo: mchanga na saruji wamekopa, vibarua wanawadai, na wao wanadai ofisini.

Julai hadi Septemba upepo hubadilika. Bajeti imeshapitishwa, na taasisi za umma huweka mipango yao ya ununuzi ya mwaka mzima katika NeST, mfumo wa kielektroniki ulioanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya TANePS. Anayesoma mipango hiyo hujua mapema ni wilaya gani itajenga madarasa na ni hospitali gani itahitaji wafanya usafi. Fundi asiyesajiliwa Bodi ya Usajili wa Makandarasi pia ananufaika: akifuatilia nani ameshinda zabuni, anajua abishe hodi kwa nani kabla mawe hayajafika eneo la ujenzi.

Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Nafasi hiyo humponyoka asiye na karatasi. Namba ya mlipa kodi, leseni ya biashara, uthibitisho wa kulipa kodi, akaunti ya kikundi na usajili kupitia ofisa maendeleo ya jamii havipatikani kwa siku moja. Mei na Juni, ambazo si miezi ya kuomba zabuni, ndizo za kukamilisha hayo.

Kalenda ya tatu ni ya wageni. Mlima Kilimanjaro hupandwa zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kati ya mwisho wa Desemba na mwanzo wa Machi. Mtalii mmoja huweza kuhitaji wapagazi watatu au zaidi, wale ambao Moshi huitwa wagumu. Getini mzigo wa kila mmoja hupimwa, usizidi kilo 20. Anayefika Machame asubuhi ya safari bila kujulikana hutegemea bahati ya mwenzake kuugua, kwa sababu mtalii wa Agosti huwa ameshalipia miezi kadhaa nyuma na kiongozi wa msafara ameshachagua watu wake. Aprili na Mei, njia zikiwa na tope na kampuni zikiwa na nafasi ya kuzungumza, ndipo mgeni katika kazi hii husikilizwa. Hoteli za Zanzibar nazo hufuata mkondo huohuo: nyingine hufunga masika kwa ukarabati, kisha hujaza nafasi kabla ya Juni.

Msimu ukipamba moto, saa za kazi nazo huongezeka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa hiyo msomaji anayejiandaa kwa Juni adai masharti yake kwa maandishi sasa, kabla ya kupanda basi. Wiki ijayo tutaeleza namna ya kuusoma mkataba huo kipengele kwa kipengele.