Mwendesha Baiskeli wa Bendera Mbili

Saa nane za usiku, tarehe 7 Julai, 1912, mbio za baiskeli za Olimpiki zilianza mjini Stockholm, Sweden. Washindani waliachiliwa mmoja mmoja, kila baada ya dakika mbili, waende kulizunguka ziwa Mälaren, safari ya kilomita 320 hivi. Mshindi, Rudolph Lewis wa Afrika ya Kusini, alitumia saa 10 na dakika 42. Msomaji aliyepata kushinda kutwa juu ya baiskeli katika barabara ya vumbi ataielewa adha hiyo bila kuelezwa zaidi.

Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 24, Andrejs Apsītis. Alikuwa Mlatvia, lakini aliandikwa katika kundi la Urusi, kwa kuwa Latvia ilikuwa bado chini ya himaya ya Mfalme wa Urusi. Ajabu ni kwamba katika mambo ya baiskeli watawala ndio waliowategemea watawaliwa. Tangu mwaka 1886 Alexander Leutner alikuwa na kiwanda cha baiskeli mjini Riga, na mji huo ulitoa waendeshaji kadhaa wa kundi hilo la Urusi.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1915 kiwanda cha Leutner kilihamishiwa Kharkov, mbali na majeshi ya Wajerumani. Tarehe 18 Novemba, 1918, Latvia ilijitangazia uhuru, ikapigana kuulinda hata ulipotiwa sahihi mkataba wa amani na Urusi mwaka 1920.

Mwaka 1924 Apsītis, sasa mtu wa miaka 36, alifika Olimpiki ya Paris akiwa mwakilishi wa nchi yake mwenyewe. Alishiriki mbio za kufukuzana za watu wanne pamoja na Roberts Plūme, ambaye majira ya baridi ya mwaka huo huo alikuwa Chamonix akishindana kuteleza juu ya theluji. Huko Latvia ilipeleka wanamichezo wawili tu! Medali za mbio za Paris zilikwenda Italia, Poland na Ubelgiji. Na Poland nayo ilikuwa imerudi katika ramani mwaka 1918.

Apsītis alifariki mwaka 1945. Nchi aliyoiwakilisha Paris ilikuwa imekwisha kumezwa na Umoja wa Kisovieti tangu 1940, na haikuupata tena uhuru wake hadi mwaka 1991.