Mwenendo wa Inveta Zilizounganishwa na Gridi Wakati wa Hitilafu: Mazingatio kwa Laini za Same na Milima ya Upare

Mfumo wa umeme wa bonde la Mto Pangani ulikulia juu ya mitambo inayozunguka. Vituo vya Hale (megawati 21, mwaka 1964), Nyumba ya Mungu (megawati 8, mwaka 1968) na New Pangani Falls (megawati 68, mwaka 1995) vyote hutumia jenereta zinazosukumwa na maji. Katika mfumo wa namna hiyo hitilafu hujitangaza yenyewe kwa mkondo mkubwa, na relei huitambua kwa ukubwa huo. Inveta za umeme wa jua na upepo hazina tabia hiyo.

Chanzo cha tofauti ni umbile. Waya zinapogusana, sumaku ya rota na uzito wa mtambo huisukuma jenereta kutoa mkondo unaoweza kufikia mara tano ya ule wa kawaida. Inveta, kwa upande wake, hupitisha umeme kwenye transista ambazo silikoni yake huungua ndani ya milisekunde chache ikizidiwa. Kwa hiyo programu yake huuzuia mkondo usizidi takriban mara 1.1 hadi 1.5.

Ichukuliwe mitambo miwili ya megawati 10 kila mmoja, kiwango ambacho ndicho kikomo cha wazalishaji wadogo nchini Tanzania, kwenye laini ya kilovolti 33. Mkondo wa kawaida ni takriban ampea 175. Mtambo wa maji utatoa karibu ampea 875 mwanzoni mwa hitilafu. Wa inveta, kwa kikomo cha mara 1.2, ampea 210 tu. Relei iliyopangwa kufyatuka kwenye ampea 400 itaiona hitilafu ya pili kama mzigo wa jioni.

Mazingira ya Same huzidisha ugumu. Mji huo uko upande mkavu wa milima, na ardhi kavu yenye miamba huukinza mkondo unaoelekea ardhini. Waya uliokatika na kulala juu ya mwamba unaweza kubaki hai huku mkondo wake ukiwa mdogo hata pale chanzo kinapokuwa jenereta.

Tatizo la pili ni la vipimo. Inveta hufuata mdundo wa volteji ya gridi, na hitilafu huuvuruga mdundo huo ghafla. Tarehe 16 Agosti 2016, moto wa Blue Cut huko California ulisababisha hitilafu za laini, na takriban megawati 1,200 za umeme wa jua zikapotea. Sehemu kubwa ya inveta ilijizima kwa kukokotoa masafa kimakosa, ilhali gridi yenyewe haikuwa imeshuka kiasi hicho.

Ndiyo sababu kanuni za sasa huitaka inveta ivumilie mporomoko mfupi wa volteji bila kujizima. Sharti hilo, hata hivyo, hukinzana na jingine: sakiti breka ya kituoni ikifunguka, inveta haipaswi kuendelea kulisha kipande cha laini kilichotengwa. Kiwango cha IEEE 1547 huipa sekunde 2 kukoma. Kupanga relei kwa kushuka kwa volteji husaidia, lakini kwa laini ndefu za milimani ishara ya moja kwa moja kutoka sakiti breka hadi kwenye inveta ni ya kuaminika zaidi, ijapokuwa huhitaji njia ya mawasiliano. Gharama yake ipimwe kwa kumfikiria fundi anayepanda nguzo kuondoa tawi, akiamini kwamba breka ikishafunguliwa waya umekufa.