Tusiache Mbachao Wetu

Mwezi wa Machi 2020 Zanzibar ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Korona, na katika mwezi huo huo ndege za watalii zikasimamishwa. Kutoka Nungwi na Kendwa hadi Paje na Jambiani, mahoteli yalifunga milango, baa zikazima taa, na pwani ikarudi kuwa ya wavuvi peke yao.

Hesabu zinajieleza. Mwaka 2019 Visiwa hivi vilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 idadi hiyo ilianguka hadi kiasi cha 260,000, yaani chini ya nusu. Anga ilifunguliwa tena mwezi wa Juni 2020, lakini idadi ya kabla ya maradhi haikupitwa hadi mwaka 2022.

Hata hivyo, hesabu za wageni hazisemi yote. Mtalii asipofika, wanaokosa si wahudumu wa hoteli na baa tu. Hukosa pia mvuvi aliyezoea kupeleka pweza jikoni, mkulima wa mboga, dereva wa teksi, dobi, na kijana anayewatembeza wageni Mji Mkongwe. Wengi wa hao hawakuwa na mkataba, wala akiba, wala jina katika daftari la Mfuko wa Hifadhi ya Jamii. Walirudi vijijini mikono mitupu, wakapokewa na wazee wao kwa muhogo na dagaa. Tunasema wazi: mzigo uliopasa kubebwa na mwajiri na sheria ulibebwa na jamaa maskini.

Kwa wengine, kufungwa kwa baa si jambo la kusikitikiwa. Hatubishani na imani ya mtu. Lakini aoshaye vyombo na atandikaye vitanda hotelini ni mtoto wetu, na njaa yake haiwezi kuwa ushindi wa yeyote.

Leo wageni wamerejea kwa wingi kuliko kabla ya maradhi, na neema hiyo isitusahaulishe. Wahenga walituusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni shamba na bahari. Hatusemi utalii ufukuzwe, bali mboga, mayai na samaki wa mezani mwa mahoteli vitoke mikononi mwetu, ili mgeni akiondoka shamba libaki na watu wale.

Kwa hiyo tunawataka maofisa wa kazi wasingoje malalamiko maofisini. Waende mahotelini, wakague mikataba na michango ya hifadhi ya jamii. Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005 ipo. Kilichobaki ni kuifikisha ufukweni. Nao wafanyakazi wadai karatasi zao mapema. Maradhi hayapigi hodi, na atakayengoja milango ifungwe ndipo adai haki yake atakuta mwajiri keshaondoka.