Msonobari au Mvinje? Jambo la Kutazama Kabla ya Kununua Miche

Mkazi wa Robanda au Nata, katika eneo la Ikoma, anaponunua miche ya miti ya mbao, huweza kukabidhiwa mvinje akaambiwa ni msonobari. Kwa macho miti hii hufanana: yote ina kijani chembamba kama sindano, na yote huangusha vijitunda vikavu vya kahawia. Kwa asili, hata hivyo, imo katika makundi mawili yaliyo mbalimbali kabisa.

Mvinje hutoa maua, kama ilivyo migunga ya Serengeti, mwembe na hata mhindi. Maua yake ni madogo mno, mpita njia hayatambui. Lakini mbegu hukua zikiwa zimefunikwa ndani ya ua. Msonobari hauna ua. Mbegu zake hukaa wazi juu ya magamba ya koni, na chavua huletwa na upepo. Tangu hapo hadi mbegu kukomaa hupita takriban miaka miwili. Mtarakwa na mpodo, miti ya asili ya milima yetu, imo katika kundi hili.

Bustanini, chukua kitawi kimoja ukivute taratibu. Cha mvinje kina pingili kama muwa mdogo, nacho hukatika penye kifundo. Sindano ya msonobari haina pingili.

Kosa hili hugharimu miaka. Misonobari inayopandwa kwa wingi nchini, ukiikata, kisiki hakichipui. Anayetaka nguzo na kuni za kuvuna tena na tena ni heri apande mkaratusi, ambao hutoa maua na huchipua. Aidha, mche wa msonobari huhitaji kuvu wa udongoni wanaoshirikiana na mizizi yake. Muulize muuzaji kama alichanganya udongo wa shamba la zamani la misonobari.

Kwa mbao, wafanyabiashara huita za misonobari "laini" na za miti yenye maua "ngumu". Majina hayo yasikupumbaze: mbuyu hutoa maua makubwa, na mti wake ni laini kuliko msonobari. Kwa kenchi, nunua mbao za msonobari zilizotiwa dawa, kwani zisizotiwa huliwa na mchwa.

Dai stakabadhi inayotaja jina la mti. Iliyoandikwa "miche" tu haitakusaidia utakaporudi kulalamika.