Ngomeni si mizinga tu

Kila panapokuwa na maonyesho au mhadhara Fort Jesus, wengi wetu hutazama mizinga, tukapiga picha, tukarudi zetu. Twajua Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela. Lakini somo kubwa limo ukutani: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa huacha unyevu utoke. Saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, jiwe likaanza kumomonyoka. Ndiyo maradhi yanayozila nyumba zetu za Mji wa Kale zilizopigwa lipu ya saruji. Basi mhadhara ukitangazwa tena, twende na mafundi wetu. Nyumba ya mababu ikianguka, hairudi.